Foklifti Iliyobarikiwa Kabla ya Kujaribiwa

Jumatatu, Novemba ndiyo kwanza imeingia. Mbinga imeamka na mawingu mazito, ukungu mpaka kwenye madirisha ya ghala, nami nimeamka na hasira nisiyojua nimpelekee nani.

Nimpelekee nani, wakati wa kwanza kulaumiwa ni mimi?

Mimi ni mtunza ghala wa chama chetu cha wakulima wa kahawa. Miaka yote magunia yetu yamebebwa na migongo ya watu, na wangu umo. Mwaka huu chama kikakubali kununua foklifti iliyotumika, mashine ya kunyanyulia mizigo, nami nikapewa kazi ya kuichagua kwa sababu nina simu kubwa. Sifa nyingine sikuwa nayo.

Nikazama kwenye video. Kumbe foklifti nazo zina ukoo! Kuna ya kusukuma kwa mkono, yenye pampu kama jeki. Kuna ya betri, inayotaka sakafu laini kama ya benki. Kuna ya dizeli yenye matairi ya kashata, isiyoogopa tope. Na zinabadilishwa mikono: vyuma viwili bapa vya kuingia chini ya chaga za kupangia mizigo, makucha ya kushika mapipa, hata mkuki wa kubebea mazulia. Mke wangu akaanza kuniita Injinia, na si kwa heshima.

Nilichagua ya dizeli. Hapo nijisifu kidogo, maana nafasi nyingine sitaipata.

Kisha muuzaji wa Dar akaniuliza mzigo wetu unakaaje. Nikamwambia magunia yanakaa juu ya chaga za mbao, lakini mchwa wamezila nusu, bora mashine ishike mzigo wenyewe. Akaniletea nilichoomba: mikono miwili mipana inayobana kutoka ubavuni, ile ya marobota ya pamba.

Robota la pamba limeshindiliwa, halina neno. Gunia la kahawa si robota la pamba.

Hilo tungeligundua Ijumaa, mashine iliposhushwa kwenye lori. Tungejaribu gunia moja, tungecheka, yangeisha. Lakini huku kwetu kitu kipya hakiguswi kabla ya Padri. Pikipiki, mashine ya kusaga, hata tanuri la mikate la jirani yangu lilisubiri maji ya baraka. Kwa hiyo foklifti ikafunikwa turubai kungoja Jumapili.

Hyera, dereva tuliyemwajiri kutoka Liuli kule ziwani, ni Mwanglikana. "Kaka, hata kuiwasha tu?" aliniuliza. Nikamjibu asituletee mambo ya ziwani.

Jana baada ya Misa Paroko akabariki, kwaya ikaimba. Hyera akapanda, mikono ikafunguka, ikalikumbatia gunia la kwanza. Vigelegele! Kisha gunia likapasuka na kahawa ikamwagika mpaka kwenye viatu vya Paroko.

"Imelipenda mno!" mama mmoja wa kwaya akapaza sauti.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, kwa sababu kulia kusingefaa.

Leo asubuhi nikampigia muuzaji. Muungwana kweli. Akasema mikono hiyo inafunguliwa tu, tuirudishe kwa lori lile lile, linalorudi Dar kesho alfajiri, naye atalirudisha wiki hii hii na vile vyuma bapa. Lori likiondoka bila mikono, tusahau, maana jingine la kuja huku hajui litapatikana lini. Na ukuta wa chini wa ghala letu unapitisha maji. Mvua kubwa zikitukuta hatujayahamisha magunia yaliyopangwa pale, kahawa ya wanachama italowa, na kahawa iliyolowa hakuna anayeitaka.

Nikaenda mbio na Hyera kwa Mwenyekiti wetu, Mzee Kapinga. Shikamoo, marahaba, nikaeleza yote.

Akakataa.

"Kitu kimenyunyiziwa maji ya baraka, wewe unataka kukirudisha dukani kama suruali iliyokubana?"

"Mzee, mashine inabaki. Ni mikono tu."

"Na maji yalidondokea wapi kwanza? Si kwenye mikono? Nilikuwa nimesimama pale pale."

Hyera akaingilia kwa adabu. "Mzee, pikipiki yako nayo ilibarikiwa. Mbona matairi unabadilisha?"

"Tairi limeisha, kijana. Mikono hii imeisha? Tumngoje Paroko."

Paroko yuko vigangoni, kwenye makanisa madogo ya upande wa Litembo, anarudi Alhamisi, simu yake haipatikani. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikasema, "Sawa, mzee." Ndivyo nilivyo. Hasira zangu zote huishia kwenye shajara.

Mchana mvua ikashuka. Maji yakaanza kupenya chini ya ukuta, nasi tukaanza kubeba: wapakizi, Hyera, mimi, na Mzee Kapinga mwenyewe, aliyefika na koti la mvua akalivua, akaingia kazini. Foklifti yetu, na baraka zake zote, imesimama katikati ya mlango, sisi tunaizunguka na magunia kichwani.

Mimi na Mzee tulikuwa tunashika gunia moja, huyu ncha hii, huyu ile. Tulipofika kwenye la tatu akaliketia. Akapumua. Akaitazama mashine, akautazama ukuta, akanitazama mimi ninavyohema kama mbuzi aliyefukuzwa.

"Fungueni hiyo mikono," akasema. "Paroko nitamweleza mimi."

Hyera akatoa spana mfukoni. Sijui alikuwa nayo humo tangu lini.

"Lakini hivyo vyuma vikija," Mzee akaongeza, "hakuna kuvigusa mpaka vibarikiwe."

"Ndiyo, mzee," tukajibu wote wawili, kama wanakwaya.

Mikono iko kwenye lori sasa. Magunia ya ukutani yamehamishwa, ila mawili yamelowa, na moja, nani angedhani, ni la shamba langu. Mgongo hauinami, hauinuki. Wakati tunaagana Hyera kaninong'oneza kwamba vyuma vikifika atavijaribu Jumamosi, geti likiwa limefungwa, kwa gunia moja tu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumapili yake, Mzee Kapinga akiniuliza mbele ya Paroko kama kuna mtu aliyevigusa, nitamjibu nini?