Mfungo Uliokuua, Mama Neema

Mama Neema,

Nimefanya jambo ambalo ungenikataza. Ungenishika mkono pale mlangoni na kuniambia kwa Kiswahili chako cha Uvira, "Acha, Nyambura, muachie Mungu." Sikumwachia. Nimekaa kukuandikia nikiwa bado na hasira, kwa sababu nikisubiri ipoe nitaanza kukupamba maneno, na wewe hukupenda maneno ya kupambwa.

Mwaka umekwisha tangu tukuzike. Kishamba chako cha kukodi huku Tyseley hakijachukuliwa na mtu. Halmashauri walikubali kiandikwe jina la Neema, nami nakwenda siku ninazotoka shifti mapema. Kijiko changu cha kupalilia kilivunjika, nikachukua chako. Moshi wa kule wanakochoma taka bado unakuja ukitaka kuja, na treni bado zinapiga kelele nyuma ya ua. Liki, vile vitunguu vya majani marefu, zimebaki mstari mmoja. Sukuma wiki imeanza kutoa maua, na brokoli ya zambarau, ile uliyoniambia lazima uipande mwaka huu ndiyo uile mwaka ujao, imetoa. Nilisimama mbele yake na bakuli nikashindwa kuikata. Nikarudi kesho yake.

Unakumbuka uliponikuta nakula soseji na chipsi kwenye kituo cha basi cha Stratford Road, bado nimevaa sare ya kazini? Tulikuwa hatujajuana hata mwezi. Ukaniangalia juu mpaka chini. "Unakulaka kama mutu hana mama." Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka kuwalisha wazee kumi na wanne kwenye makao yao kule Erdington na hakuna aliyeniuliza mimi nimekula nini. Jumamosi yake ukanipeleka shambani.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Nilidhani nitakuta mboga zimejaa, nikakuta matope. Ukanieleza kwamba huu ndio mwezi mgumu wa nchi hii: mboga za baridi zinaisha na za joto hazijaota, na mtu mvivu anakimbilia nyanya zilizopanda ndege. "Sisi tunakula ile udongo iko nayo." Udongo ulikuwa na liki, kabichi, majani machache ya sukuma, na kando ya ua yale majani yanayowasha. Nikakwambia kwetu Nyeri tunayaita thabai, na nyanya yangu aliyaponda na viazi. Ulifurahi kama mtu aliyepata ndugu. Ukavaa glovu za kuoshea vyombo ukayachuma, ukayapika na kitunguu na karanga za kusaga, tukala na maharagwe, mimi nikarudia mara tatu. Nilipanda basi na pakiti ya majani mabichi kwenye mkoba na vidole vinawasha.

Miaka minne tulikula hivyo. Hukuwa mtu wa kuhubiri chakula. Jumapili ulipika sombe, kisamvu chenu, ile ya friji kutoka duka la Sparkhill, na mawese kijiko kimoja, ukaila bila kuomba radhi. Lakini siku nyingine zote ilikuwa mboga, dengu, maharagwe, viazi vitamu, na ile sukari uliyokuja nayo kutoka kambini ikateremka mpaka muuguzi akakuuliza unafanya nini. Daktari akapunguza dozi ya insulini. Alipunguza, hakuiondoa. Na wewe ulielewa tofauti hiyo kuliko watu wengi waliosoma. Ulikuwa unasema unatembea kwa miguu miwili, mboga na sindano.

Halafu akaja Elkana.

Kumbuka alivyoingia kanisani kwetu na suti ya kijivu na blenda mkononi. Mkenya mwenzangu, mwenye Kiswahili kitamu, anajiita mshauri wa lishe, na hakuna aliyemuuliza ni nani aliyemfunza. Akatangaza mfungo wa siku ishirini na moja wa kusafisha mwili baridi inapokwisha. Maji ya majani mabichi tu, asubuhi, mchana na jioni. Akakusimamisha mbele ya watu wote. "Mwangalieni dada huyu. Mboga zimemponya." Wakakupigia makofi. Niliona uso wako. Wewe uliyekaa foleni za wakimbizi miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kukupigia makofi. Nilifurahi kwa ajili yako, na ndiyo sababu sikuona kinachokuja.

Majani ya mfungo yalitoka shambani kwako. Ulimkatia mwenyewe, ukampelekea kwa mifuko.

Siku ya tano ulinipigia simu. Nilikuwa kazini, namgeuza mgonjwa. Ukasema, "Elkana anasema niache sindano, inachafua damu. Wewe uko mutu wa hospitali, unasema nini?" Nikakujibu haraka, "Muulize daktari, Mama Neema, nitakupigia." Sikukupigia. Nilifanya shifti mbili mfululizo nikalala. Hilo ni langu, na sitalifunika hapa nikimsema mwingine.

Siku ya tisa Neema alikukuta umeanguka kati ya mistari ya liki, unapumua kama mtu aliyekimbia mbali. Siku mbili hospitalini. Sukari ilikuwa imepanda mpaka mashine haikuweza kuisoma. Nilikushika mguu mpaka ukakata roho, kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dripu.

Ungedhani atanyamaza. Kwenye matanga, katika sebule yako, akila ugali wetu, Elkana alisimama kutoa faraja. Akasema, "Dada yetu alikuwa na siri ya mawese. Mwili wake haukukubali kusafishwa." Watu wakatikisa kichwa kukubali. Neema alikuwa amekaa sakafuni karibu na miguu yangu. Unajua mtoto wako anaelewa kila neno la Kiswahili, ila hujibu kwa Kiingereza tu. Alinyanyuka akaenda jikoni. Nikamfuata. Alikuwa ameshika simu yako. Akaniwekea ujumbe wa sauti Elkana aliokutumia siku ya nane, ulipomwambia unatapika. Sauti yake ile tamu. "Ni sumu inatoka, dada yangu. Usiguse sindano. Vumilia, usinivunjie mfungo."

Usinivunjie. Kana kwamba mfungo ulikuwa wake.

Pale pale jikoni, kati ya sufuria zako, niliapa. Neema alipeleka ujumbe ule polisi. Waliandika, wakachukua nakala, wakasema watatupigia. Mimi sikuweza kusubiri simu. Miezi mingi nilimwazia mabaya ambayo siwezi kuyaandika hata kwako. Nilikuwa nakata kabichi nikimfikiria yeye. Nilijua nyumba yake iko wapi, nilipita mara mbili nikiwa na jiwe mfukoni, nikalirudisha shambani. Jiwe lingevunja dirisha, na kesho yake angelitolea ushuhuda.

Basi nikasubiri. Mwezi wa pili mwaka huu, nilikuwa kwenye duka la dawa la Stratford Road kumchukulia jirani yangu dawa ya kikohozi. Nilikuwa nimejifunga skafu mpaka puani kwa baridi. Mbele yangu kwenye foleni, suti ya kijivu. Nikasikia akitaja jina lake na anwani yake. Yule binti wa dawa akamtolea mfuko wa karatasi akamwambia, hii ya presha, kidonge kimoja asubuhi, hii ya sukari pamoja na chakula, kama kawaida.

Kama kawaida, Mama Neema. Mtu huyo alikuwa anameza vidonge vyake kila asubuhi, halafu anavaa suti anakuja kukwambia sindano inachafua damu.

Sikumsemesha. Nilitoka nikasahau dawa ya kikohozi. Nilitembea mpaka Sparkhill yote ikaisha, na nakiri kwamba nilikuwa natabasamu.

Wiki ile ile alitangaza mfungo mwingine. Nikamwendea baada ya ibada nikajitolea kupika chakula cha mwisho kabla watu hawajafunga. Alinishika bega akasema amefurahi kuona nimepona moyo. Nilimshukuru. Nilipika siku mbili. Thabai changa na viazi, kama ulivyonifunza. Liki na dengu. Brokoli ya zambarau na kitunguu saumu. Maharagwe mekundu. Sukuma ya mwisho kabisa na karanga. Nilitaka watu wale vizuri, kwa upendo wa kweli, na nilitaka pia wakae. Mtu mwenye sahani mapajani haondoki haraka.

Elkana alipomaliza hotuba yake, nikasimama. Nilisema chakula hiki ni cha Mama Neema, ndiye aliyenifundisha kula majani ya mwezi wa tatu, na ningependa tumsikie mtu aliyezungumza naye mwisho. Nikaweka simu yako kwenye kipaza sauti.

"Ni sumu inatoka, dada yangu. Usiguse sindano."

Mchungaji alianza kunijia, Neema akasimama katikati ya njia. Elkana alikuwa mtulivu. Akasema, "Nilisema kwa imani. Hata mimi nilikuwa na presha na sukari. Niliacha vidonge miaka sita iliyopita, na mnaniona."

Sikuwa nimetumaini atanirahisishia hivyo. Nikamuuliza, "Na ule mfuko uliochukua duka la dawa, Jumanne ya wiki mbili zilizopita, nikiwa nyuma yako?"

Akacheka kidogo. "Ule ni wa mke wangu. Yeye ndiye ana presha."

Mke wake, Mama Joy, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Unamjua, mwanamke mpole asiyesema. Alikuwa bado anatafuna. Akameza, akaweka sahani yake sakafuni, akasema bila kupaza sauti, "Mimi sina presha."

Hayo tu. Ningetamani ungekuwepo umwone Elkana. Rangi ilimtoka mpaka midomoni. Baba Rehema, yule dereva wa lori ambaye alikuwa tayari ameacha vidonge vyake siku mbili kabla ili kujiandaa, alitoka ukumbini na sahani mkononi akampigia mwanawe simu amletee dawa. Mama mmoja akaanza kulia. Elkana alichukua blenda yake na kupita katikati ya viti, na hakuna aliyemfungulia mlango. Nilimtazama mpaka mwisho. Nilikuwa nimedhani nitasikia aibu. Nilisikia utamu, Mama Neema, na siombi msamaha kwa ajili yake.

Mfungo ulikufa siku hiyo. Tulikula tukamaliza sufuria zote.

Baada ya wiki Mama Joy alinikuta shambani. Alisimama kwenye geti. Akasema alijua kuhusu vidonge siku zote na aliogopa. Akaomba majani ya thabai. Nilimkatia mfuko mzima, nikamfundisha jinsi ya kuyachemsha. Mboga nilimpa. Mkono aliponinyooshea, sikuushika. Labda siku moja nitaushika. Wewe ungeushika siku ile ile, najua, na ungemkaribisha chai.

Mchungaji ananitaka nikae meza moja na Elkana tupatane. Elkana mwenyewe ameniandikia kwamba shetani alimtumia na anaomba tufunge ukurasa. Sikumjibu. Aliyekosewa ni wewe na mtoto wako, na wewe huwezi kuulizwa. Neema aliulizwa. Akasema hapana, kwa Kiswahili.

Neema ni mzima. Anasoma, anakula. Anapika liki vibaya, anaziunguza, lakini anapika. Tumepanda viazi wiki jana, tumeotesha lengalenga zako, ule mchicha wa kwenu, dirishani kwangu, mbegu zile ulizozifunga kwenye karatasi ya gazeti. Zitatoka nje mwezi wa sita. Nimeanza pia kukaa na akina mama wa kanisa kila Alhamisi, tunapika kile udongo unachotoa mwezi huo, na kila mmoja anakuja na dawa zake kwenye mkoba. Kabla ya kula nauliza nani amemeza, nani bado. Wananiita polisi. Sijali.

Sasa nina jambo la mwisho. Jana nimeletewa tangazo. Elkana amepata ukumbi Coventry, kwa watu wasiomjua, mafundisho ya kusafisha mwili majira ya kuchipua. Suti ile ile kwenye picha. Mkutano ni Jumamosi ijayo.

Nimebadilishana shifti. Neema amekata tiketi mbili za treni. Nakuahidi, Mama Neema, kila mji atakaosimama na blenda yake, mimi nitakuwa mstari wa mbele, na nitasimama, na nitasema jina lako lote na jinsi ulivyokufa. Akihamia mbali zaidi, nitapanda treni ya mbali zaidi.

Pumzika, dada yangu. Mimi bado sijamaliza naye.

Nyambura wako