Dirisha la Kaskazini

Jumatatu, 8 Juni 1953

Mtihani umekwisha. Shavu langu la kulia linawaka kama nililalia pasi.

Nianze mwanzo. Hata nikijiandikia mwenyewe siwezi kuruka hatua — ugonjwa wa ualimu.

Saa mbili asubuhi tulikuwa tayari. Wanafunzi tisa wamekaa nusu duara, kila mmoja na bakuli lake la maji. Kazi: kuchora kichwa cha mtu aliye hai, kwa rangi, saa tatu nzima. Ni mtihani wa kwanza wa aina hii kwa watu wa hapa. Karatasi zinasahihishwa ng'ambo. Wakifaulu, watakuwa walimu wa kuchora wenye cheti. Wakianguka, Mkuu wa chuo ameshasema: chumba changu kitawekwa mashine za chapa.

Wa kuchorwa alikuwa mke wa mhasibu. Mara kikaja kikaratasi: ana homa, haji. Karani anayesimamia akanitazama. Mimi nikakitazama kiti. Basi nikakikalia mwenyewe! Miaka thelathini na mmoja nawaketisha wenzangu, leo ndiyo nimejua jinsi pua inavyowasha ukikatazwa kuikuna.

Karani alisoma kanuni kwa sauti: mwanga uingie kwa dirisha la kaskazini tu, mengine yafungwe. Nilifungua mdomo kusema neno. Nikaufunga. Mapazia ya kusini yakashushwa.

Jumanne, 9 Juni

Nimepewa karatasi nizifunge. Nimezitandaza mezani kwa kufuata namba za watahiniwa.

Wanawake tisa! Pua ni yangu, hata kovu la nyusi wameliona. Lakini rangi — mmoja ni Mzungu mwenye mashavu ya waridi. Anayemfuata ni mweusi kama marehemu mama. Wa tatu mweupe tena, wa nne maji ya kunde, wa tano sijui nimwite nani. Mtu angeapa kila mmoja alichora shangazi yake.

Ningecheka, kama si fomu iliyoambatana nazo. "Maelezo ya Mtu Aliyechorwa." Jina hawataki. Wanataka alama moja, katika kisanduku kimoja kati ya vitatu: Mzungu, Mwasia, Mwenyeji. Chini yake: kazi isiyolingana na maelezo haya itahesabiwa kuwa haikuchorwa mbele ya mhusika, na haitasahihishwa. Wanaogopa watu kuja na picha walizochora nyumbani. Ni haki yao kuogopa.

Nikitia alama kwa Mzungu, wanne wanapona. Kwa Mwenyeji, wanne wengine. Huyo mmoja wa katikati labda Mwasia angempokea kwa huruma.

Baba alikuwa mpima ardhi, mweupe. Aliniachia sanduku la rangi na hakuniachia anwani. Mama alimfulia nguo. Dada yangu, ninayeishi naye, ni wa mama huyohuyo na baba mwingine. Nilimsomea fomu wakati wa chakula cha mchana.

"Mdogo wangu," akasema, "tumbo moja limetuzaa, hicho kikaratasi ndicho kitutenge? Wape alama popote, ule chakula, kinapoa."

Sikula.

Jumatano, 10 Juni

Wanafunzi wamebishana barazani asubuhi nzima. Hawajui kwamba dirisha langu halifungi vizuri.

Kidevu, yule mwandika vibao vya maduka, alikuwa anajigamba: yeye amempeleka Mwalimu Ulaya bila nauli.

"Na mimi nimemrudisha," akajibu Binti Seremala. Msichana pekee darasani, na mkono bora kuliko yote niliyofundisha. "Wewe ulikuwa unamrembesha, ndugu. Unataka alama za bure."

"Nimrembeshe nini? Nilichora nilichoona!"

"Kwani ulikaa wapi?"

"Dirishani."

"Basi. Mimi nilikaa ukutani."

Niliacha kalamu. Nikaenda mezani, nikageuza karatasi. Nyuma ya kila moja karani ameandika nambari ya kiti. Nikazipanga upya kwa viti, kutoka dirishani hadi ukutani.

Ee Mungu wangu.

Kila mwanafunzi anapoingia darasani kwangu, zoezi la kwanza ni lilelile: mstatili mmoja, upande huu mweupe wa karatasi, upande ule mweusi wa risasi ya penseli, na katikati usionekane mpaka. Wengine huchukua mwezi mzima. Sasa zoezi lile lilikuwa limelala mezani kwangu, na limechorwa kwa uso wangu. Mweupe, mweupe kidogo, kunde, kahawia, mweusi. Hakuna aliyedanganya. Hakuna hata aliyekosea!

Aliyekosea ni mimi. Huko kanuni zilikoandikwa, jua halipiti kaskazini kamwe. Mwanga wa dirisha lile ni mpole, hautofautishi shavu na shavu. Hapa kwetu mwezi wa sita jua liko kaskazini hasa. Naijua habari hiyo kama ninavyolijua jina langu. Kila mwaka mwezi huu ninafundishia dirisha la kusini. Lakini karani alikuwa anasoma kwa sauti, na mimi nimelelewa kutii kinachosomwa kwa sauti. Jua likanipiga upande mmoja kwa saa tatu, upande wa pili ukabaki gizani. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nimechora ramani ya viti. Nimeandika barua ya maelezo, nusu ukurasa. Kesho kwa Mkuu.

Alhamisi, 11 Juni

Mkuu amesoma barua kwa kusimama. Si mtu mbaya. Ndiye aliyepigania tupate mtihani huu.

Alisema waliotunga kanuni si watu wa kufundishwa jua linapita wapi. Alisema barua kama hii wataisoma kama kisingizio, watazifuta karatasi zote tisa, na mwaka ujao hawataleta mtihani. Alisema wanne kati ya tisa, kwa mara ya kwanza, si haba.

Nikamuuliza: Na Binti Seremala?

Halafu akachukua penseli yake, akaiweka fomu mezani, akatia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Mzungu. Alikandamiza hata meza ikalia.

"Ni heshima, Mwalimu," akasema. "Wengi wangeililia. Wewe pitishia wino tu."

Barua akaitia mfukoni. Ramani ya viti hakuitaka. Nilirudi nyumbani. Dada akaniona mlangoni, akasema uso wangu leo una rangi moja tu, ya majivu.

Ijumaa, 12 Juni

Saa nne kasorobo. Tarishi wa posta anachukua mizigo saa nne. Mkuu atakuja kugonga muhuri wa chuo kwenye lakiri, ile nta ya kufungia kifurushi, na kabla ya kugonga atataka kuiona fomu.

Naandika huku nikimsubiri.

Nimeifuta alama yake. Risasi imetoka, mfereji umebaki. Ndiyo maana nawaambia kila siku: penseli isikandamizwe, karatasi haisahau.

Visanduku vyao vitatu vimegusana, kama mabehewa. Nimelaza penseli ubavu. Nimeanza kushoto bila kugusa karatasi, kama pumzi, nikaenda kulia polepole, nikaongeza, nikaongeza. Juu ya mstari wa kwanza nimepita. Juu ya wa pili nimepita. Mwisho wa kulia ni risasi tupu, nyeusi, inang'aa. Huoni kimoja kinapoishia. Zoezi la kwanza. Nimelifanya vizuri kuliko nilivyowahi kulifanya ubaoni.

Alama ya Mkuu inaonekana bado ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Uzi mweupe, mwembamba. Mfereji haushiki risasi.

Karatasi nimezipanga kwa viti, dirishani hadi ukutani, ramani juu. Atakayefungua huko atazifungua kwa mfuatano huo. Mwenye macho ataona. Asiye na macho atatupa zote tisa, zikiwemo za wale wanne waliokuwa wamepona. Kidevu ana mke na watoto wawili, na sikumuuliza. Sikumuuliza hata mmoja wao.

Kengele ya baiskeli ya tarishi. Mkuu anamsalimu hapo chini, anacheka.

Raba iko kiganjani. Ningeweza bado — dakika mbili, wino, alama moja.

Nimeitumbukiza kwenye bakuli la maji. Raba ikilowa haifuti, inachana tu.

Ngazi ni kumi na nne. Nasikia viatu vyake: saba, nane, tisa —