Safari Hii Hakuna Kiti cha Mgeni

Mpendwa Baba Upendo,

Nakuandikia nikiwa jikoni, makande yanatokota, na nje inanyesha ile mvua ya Kwai unayoijua, isiyo na haraka. Hatujambo. Upendo ameota meno ya mbele na sasa anajiona mkubwa kuliko wote humu ndani. Mama yako anakohoa kidogo, lakini ulimi wake haujaugua hata siku moja.

Barua hii ni yako, ila nimeiacha wazi kwa makusudi. Juzi kwenye simu uliniambia, "Mama Upendo, waambie wewe. Mimi sitaweza." Basi nawaambia. Nakala moja itabandikwa kwenye ubao wa matangazo pale kanisani, na mwenye macho asome.

Unamaliza zamu yako ya pili huko Congo. Wenyewe wanaita kulinda amani, lakini aliyefua nguo zako uliporudi mara ya kwanza anajua kwamba ilikuwa vita. Sasa umeniambia kuwa safari hii huji moja kwa moja nyumbani. Utapanga chumba karibu na kambi, ukae kwanza, ukitulia ndipo upande mlima. Ulilisema kwa upole, nami nikanyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa natafuta maneno, na maneno yangu huja vizuri zaidi nikishika kalamu.

Najua unachokikimbia. Unakikimbia kile kiti.

Wacha niseme ukweli mbele ya watu: mapokezi yale ya kwanza niliyapanga mimi, sitamsingizia mtu. Mimi ndiye niliyewapeleka wanakwaya Soni wakusubiri, mimi ndiye niliyewaambia vijana wa bodaboda wafunge matawi kwenye pikipiki zao na wapige honi mpaka Kwai. Kina mama wa sokoni Soni waliacha kabeji zao barabarani wakaja kupiga vigelegele. Wewe ukashuka kwenye gari umevaa shati la kawaida, na mimi, Mungu anisamehe, nilinuna. Nilitaka watu waone kombati. Ulitabasamu njia nzima, na mkono wako ulikuwa umeshika bomba la pikapu mpaka vidole vikawa vyeupe. Niliuona mkono ule. Nikajiambia ni baridi.

Nyumbani nilikuwa nimekuandalia kiti cha kuazima, kile kikubwa cha mzee wa kanisa, nimekitandika vitambaa vyangu vya kufuma, nimekiweka kikitazama mlango. Ukakaa. Ukakaa siku tisa. Watu waliingia tangu asubuhi, shikamoo kwa huyu, marahaba kwa yule, pole na safari, hongera kwa kurudi, hebu tusimulie. Ulisimulia habari ileile ya mvua na matope, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa inasimulika. Mtoto mmoja wa jirani akakuuliza umeua wangapi, na watu wazima wakacheka, na wote wakakugeukia kusubiri jibu.

Huku kwetu mtu tunayempenda tunamnyang'anya kazi. Ndivyo tulivyolelewa. Uliposhika kikombe ukakioshe, wanawake watatu walikurukia. Uliposhika jembe, mjomba wangu alikupokonya: "Pumzika bwana, wewe umeshafanya kazi ya taifa zima." Ukarudi kwenye kiti. Nami nilikuwa najisifu kwa majirani kwamba mume wangu hajagusa hata kuni tangu afike. Nilikuwa naona nakuenzi. Wewe ulikuwa unakonda mbele ya macho yangu, na nyama ya kuku inapoa kwenye sahani.

Kisha ikaja Jumapili. Nilikuwa nimeomba tutoe shukrani madhabahuni, familia nzima, na kwaya itusindikize. Mzee wa kanisa alisali kwa moyo wake wote. Alimshukuru Mungu kwamba risasi zilizowapata wengine zilikupita wewe, kwamba Mungu alimchagua wa kwetu. Watu wakasema amina. Ukapewa nafasi ya kusema neno, ukasema "Nashukuru," ukageuka, ukatoka kwa mlango wa pembeni. Kwaya ikabaki imefungua midomo.

Nilikasirika, Baba Upendo. Nilikufuata mpaka nje nikiwa nimekunja uso, nikakuambia umenitia aibu. Ukanijibu taratibu sana, "Mnamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Hamisi naye alikuwa na mama." Hamisi sikumjua. Nilijua tu kwamba mlilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu wewe chini, na kwamba hakurudi. Tulirudi nyumbani, na wewe ukaenda kukaa kwenye kiti.

Aliyekuinua ni mama yako. Jumatatu asubuhi alisimama mbele yako, kanga kiunoni, akaanza kwa Kishambaa na kumalizia kwa Kiswahili ili na mimi wa Korogwe nisikie vizuri: "Umekaa hapo kama picha ya harusi. Ng'ombe hajakatiwa majani, mkamwana wangu anahangaika peke yake. Inuka!"

Nikaruka. "Mama, mwache apumzike."

"Wageni ndio wanaopumzika. Huyu kazaliwa humu."

Ukainuka. Sijawahi kuona mtu akitukanwa akafurahi vile. Ulichukua mundu, ukashuka kwenye matuta, na uliporudi umebeba mzigo wa majani ya gwatemala begani, shati limelowa, magoti matope matupu, ulikuwa mume wangu. Ukala makande sahani mbili. Mchana ukalala juu ya magunia ya viazi, ukakoroma, nami nikasimama mlangoni kukusikiliza unavyokoroma, nikilia kama mjinga.

Kuanzia siku ile nilikuwa nashuka nawe. Tulikata majani bega kwa bega, na hapo ndipo ulipoanza kuongea. Hukunitazama, ulitazama majani. Ulinieleza juu ya Hamisi: kwamba alikuwa wa Korogwe kama mimi, alivyokuwa anaiga sauti za makamanda, alivyoficha sukari kwenye soksi, alivyokuachia kijiko chake asubuhi ile akisema atakichukua jioni. Ulikata majani mengi kuliko ng'ombe anavyoweza kula wiki nzima. Sikukuzuia. Ulicheka mara mbili siku ile, na mara ya pili kicheko kiligeuka kilio, ukaweka mundu chini, nikakushika mpaka kikaisha.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini pamoja na hayo yote bado unaogopa kuja. Nimepata jibu, na linatuhusu sote tunaosoma ubao huu. Siku zile za majani zilikuja baada ya siku tisa za kiti, na wewe unazikumbuka zile tisa. Unadhani lazima uzipitie tena.

Huzipitii. Sikuombi ushauri, nakupa taarifa. Kiti nimemrudishia mwenyewe, na nikamweleza sababu. Aliinamisha kichwa, akasema alisali vibaya, na anaomba umsamehe. Ni mtu mwema, alisali kwa lugha aliyokuwa nayo. Vijana wa bodaboda nimewaambia hakuna msafara. Kwaya nimewaambia waimbe Jumapili kama kawaida, ukiwepo uwepo, usipokuwepo wasiulize. Na ninyi majirani, wapenzi wangu, nawajua mnavyotupenda. Anayetaka kumwona Baba Upendo aje na jembe. Tutakuwa kwenye viazi, upande wa chini wa bonde. Msimuulize habari za huko. Muulizeni kama mbegu imetosha, kama mvua imezidi, kama ng'ombe ameshika mimba. Akitaka kusimulia atasimulia, na akianza, msiache kulima, endeleeni huku mkisikiliza. Na asiwepo wa kumpokonya jembe. Nitakuwepo hapohapo, na mnanijua.

Unaona? Nimejipanga kuliko mkuu wako wa kikosi.

Lakini liko jambo moja ambalo viazi visingelitengeneza, nami nililijua tangu pale nje ya kanisa. Kwa hiyo mwezi uliopita nilipokwenda kuwasalimu wazazi wangu Korogwe, niliulizia, na kuulizia tena, mpaka nikaonyeshwa nyumba ya mama yake Hamisi. Nilibeba peasi na viazi vyetu. Niliogopa, sikufichi. Nilidhani ataniona mimi kama mke wa yule aliyebaki. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikasema jina lako.

Alinishika mkono akaniingiza ndani kabla sijamaliza. Aliniuliza, "Ni yule wa kitanda cha chini?" Kumbe Hamisi alikuwa akimwandikia habari zako. Alikuwa anakujua, Baba Upendo: anajua unavyokoroma, anajua una binti, anajua hupendi dagaa. Akaniambia, "Wamekuja wengi wenye sare kunieleza mwanangu alivyokufa. Hakuna aliyekuja kunieleza alivyokuwa akiishi kule. Nimemsubiri mumeo. Nikadhani labda na yeye wamemwua, wakanificha."

Miaka miwili amekaa na hofu hiyo, na wewe miaka miwili umekaa na ya kwako.

Nilimwambia u mzima. Akaweka mikono miwili usoni akasema "Alhamdulillahi," si mara moja, mara nyingi, huku anatikisa kichwa. Tulikula pamoja ugali na samaki, akanionyesha picha, akanisindikiza mpaka barabarani, akanipungia mpaka gari likaondoka.

Kwa hiyo chumba cha karibu na kambi usipange. Panda basi. Usipitilize mpaka Mombo kama ulivyozoea. Nitakuwa nimekuja kukungojea njiani, nyumbani kwake, na ukishakaa naye kadiri mtakavyotaka, mimi na wewe tutapanda mlima pamoja bila honi ya mtu yeyote.

Shuka Korogwe, mume wangu. Kuna mama pale anayefurahi kwamba uko hai.

Mkeo akupendaye,
Mama Upendo
Kwai, Lushoto