Moto Niliouzima Rwamgasa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimewasha bana, kichwa cha moto cha hita, asubuhi. Likakataa, nikasafisha nozeli, likakubali. Joto limepanda taratibu, kama ninavyopenda.

Kaboni ya leo ni ya wazee wawili kutoka upande wa Nyarugusu. Wametandika mkeka chini ya tangi na hawaondoki. Ndani ya tangi maji yangu ya moto yanapita kwenye kaboni yao ili dhahabu iliyoshika humo iachie. Hapa elusheni, mtambo wa kutoa dhahabu kwenye kaboni, kila mteja huja na kufuli zake. Hufunga mfuniko wa tangi, hufunga chumba cha umeme ambako dhahabu hunasa, funguo huvaa shingoni. Kukata kufuli la mteja ni wizi, uwe na sababu au usiwe nayo. Hilo ndilo alilonifundisha kwanza Bosi Masele, mwenye mtambo. La pili: mwanamke asisogelee tangi lenye kaboni ya mtu. Wanaamini dhahabu hukimbia.

Basi mimi mwanamke nipo banda la hita, nyuma ya ukuta, na geji zangu. Nimekula peke yangu.

Jumatano, 4 Juni

Wamenipigia! Mgodi mkubwa nilikoomba kazi. Usaili tarehe 19, mjini Geita. Nafasi ya mwanagenzi, kitengo cha joto na upoozaji. Nilishakata tamaa.

Aliyepiga ni injinia wa kitengo, mwanamke, anaongea haraka. Amenitajia vya kujiandaa navyo: kusoma michoro ya mabomba, kukokotoa joto linalopotea, kompyuta, taratibu za usalama. Nikamwambia nina kidato cha nne na cheti cha ufundi. Akasema, "Cheti kinakufikisha mlangoni. Kukaa ndani ni habari nyingine."

Anasema migodi inazidi kwenda chini na huko mwamba una joto, lazima awepo mtu wa kupooza hewa ili wengine wafanye kazi. Na ukichoka na migodi, kuna viwanda vya samaki, kuna vyumba vya baridi vya nyama, kuna hospitali. Joto lipo kila mahali, wanaolielewa ni wachache. Nimefurahi kusikia hivyo. Sikuwa na wa kumsimulia.

Watampigia Bosi kuuliza habari zangu. Hapo ndipo ninapoogopa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwambia Bosi. Akacheka mpaka akakohoa. "Hapa unawakaanga, kule unakwenda kuwapepea!" Akasema atanisemea vizuri. Nisimletee matatizo tu mwezi huu.

Jumapili, 8 Juni

Nimefua. Nimesoma jinsi joto linavyopita kwenye bomba lililofungwa sufi ya kuzuia joto na lisilofungwa. Michoro bado inanisumbua.

Mama amepiga kutoka Nyahanga. Shikamoo, marahaba, halafu yale yale. "Kila siku hita, hita. Hiyo hita itaniletea wajukuu?" Nikacheka. Alipokata simu chumba kilikuwa kimya kuliko kabla hajapiga.

Mbali na yeye, leo nimesema na muuza mkaa tu.

Jumanne, 10 Juni

Mteja mpya, Baba Kulwa. Mfugaji, ameuza ng'ombe akaanzisha mashimo yake ya kuchenjulia marudio, mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara moja. Huu ni mzigo wake wa kwanza kwetu. Elusheni aliyotoka anasema walimwibia kupitia bomba. Amekuja na mfuko wa kufuli unaolia kama njuga. Vijana wa pampu wakamtania: "Baba Kulwa, umekuja kuchemsha kaboni au kufungua duka?" Akajibu, "Nafunga kila chenye mdomo. Na wewe ukifungua wako sana nitaufunga."

Amesalimiana na kila mtu. Mimi nilimwamkia shikamoo kwa mbali, akaitikia bila kuniangalia. "Huyo ndiye wa moto? Basi akae huko huko."

Wamemaliza kupakia kaboni jioni. Kesho nawasha.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya. Naandika yote kwa mpangilio.

Niliwasha asubuhi. Joto lilipanda vizuri. Kabla ya saa sita presha ikapita pale inapokaa siku zote. Haikuwa kwenye alama nyekundu, lakini haikushuka nilipopunguza moto. Nikatoka bandani. Nikasimama mbali na tangi, nikaangalia juu. Mkono wa valvu ya usalama ulikuwa umezungushiwa mnyororo na kufuli. Valvu ile ndiyo hufunguka yenyewe presha ikizidi. Ikifungwa, tangi halina pa kupumulia.

Nilimwomba Baba Kulwa aufungue. Nilimwomba kwa adabu zote. Akasema, "Bomba kama hilo ndilo walilonimalizia kule. Sifungui." Nikamweleza habari ya mvuke. Akasema mvuke wangu una mikono. Nikampigia Bosi, alikuwa Katoro, hakupokea. Kukata kufuli siwezi.

Nikazima moto.

Sikufikiria neno moja: kuzima mapema ndio wizi wenyewe wa elusheni. Joto likishuka kabla ya wakati, dhahabu hubaki ndani ya kaboni, mteja huondoka na kidogo, wenye mtambo huichemsha tena kwa faida yao. Kila mteja anaujua mchezo huo. Baba Kulwa alisikia mngurumo umekatika akasimama kama aliyeumwa na siafu. "Amezima! Jamani, amezima!" Uani pote pakajaa watu.

Bosi alifika. Akaniambia mbele yao niwashe. Nikasema sitawasha mnyororo ukiwepo. Baba Kulwa akasema atautoa, ila mimi nitoke nje ya uzio kwanza. Bosi akanionyesha geti kwa kidevu.

Nilikaa kwa mama muuza chapati mpaka jioni. Mnyororo ulitolewa, Bosi akawasha mwenyewe. Valvu haikufunguka hata mara moja. Pengine isingefunguka. Sitajua kamwe.

Alhamisi, 12 Juni

Dhahabu ya Baba Kulwa imetoka pungufu ya alivyotegemea. Labda kaboni yake ilikuwa nyepesi tangu mwanzo. Labda ni kweli nilimharibia nilipozima. Vyote viwili vinawezekana. Hakugombana. Alikusanya kufuli zake moja moja, alipopita bandani akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, Mungu anakuona." Ningependa angenitukana.

Jumatatu, 16 Juni

Wateja wanauliza getini kama "yule wa kuzima" yupo. Wakiambiwa yupo, wanageuza pikipiki. Bosi amenipumzisha. Ameweka kijana mwingine kwenye hita yangu. Mama muuza chapati ananihudumia, ila hakai tena kupiga hadithi.

Najua Bosi atasema nini mgodi ukipiga simu. Nimekwisha.

Sijamwambia Mama.

Alhamisi, 19 Juni

Geita. Usaili.

Chumba cha baridi, meza ndefu, injinia katikati, mzee mmoja pembeni akiandika. Michoro nimeiweza kuliko nilivyotarajia. Hesabu ya joto linalopotea nimekosea hatua moja, nikaiona, nikaisahihisha. Kompyuta wastani.

Kisha wakaniomba nieleze siku niliyolazimika kusimamisha mtambo. Ningeweza kutaja ya bana lililoziba. Nikaeleza ya mnyororo, yote, hadi geti.

Injinia akauliza, "Kabla ya kuwasha, ulizunguka tangi ukakagua?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Wateja hawataki mwanamke asogee."

Mzee aliacha kuandika. Injinia hakukasirika. Akasema taratibu, "Na huo mvuke ungekuuliza kwanza kama wewe ni mwanamke?"

Njia yote ya kurudi nimelirudia swali hilo. Siku zote nimejiona mtu wa utaratibu. Kumbe utaratibu wangu unaishia kwenye ukuta wa banda.

Ijumaa, 27 Juni

Sikupata.

Injinia amepiga mwenyewe, angeweza kutuma ujumbe. "Kuzima ulizima vizuri. Kuwasha uliwasha vibaya." Amesema niombe tena nafasi zikitangazwa, na nije nikiwa na mazoea ya kukagua, si maelezo ya kwa nini sikukagua. Nimesema ahsante. Nilimaanisha.

Kisha akaongeza kwamba walimpigia Bosi Masele. Alisema mimi si mwizi, na kwamba angekuwa na wawili kama mimi angelala usingizi.

Nimelia. Si kwa kukosa kazi. Kwa nini hakuyasema pale uani, watu wakiwepo?

Jumatatu, 30 Juni

Kijana wa hita amefuata rashi mpya, dhahabu iliyogunduliwa huko porini. Bosi amenirudisha. Hatukuzungumza mengine. Nimemwambia jambo moja tu: kuanzia sasa kabla ya kuwasha nakagua tangi lote, kila mteja, na asiyetaka abebe kaboni yake. Akatazama chini, akatazama barabarani. "Haya," akasema.

Mteja wa leo ni mtu mzima kutoka Nyasubi. Nilipoweka mguu kwenye ngazi akainuka mkekani. "Mayu, shuka hapo. Utanifukuzia mali." Vijana wa pampu wakaacha kazi kutazama. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Nitashuka nikimaliza." Nikapanda. Nikashika mkono wa valvu, nikauinua, ukarudi wenyewe. Nikapitisha mkono kwenye kila kiungio cha bomba mpaka chini.

Bosi alikuwa getini. Safari hii alisema, kwa sauti ya kusikika na wote: "Mwache afanye kazi yake."

Mteja akahamishia mkeka wake upande wa pili wa tangi, akanipa mgongo.

Nikaingia bandani, nikawasha.