Karavani Haina Injini

Kwa Clifford, karavani ya kumi na nne, kambi ya likizo ya Bwana Pritchard.

Natumai mvua imepungua na mtungi wa gesi haujaisha. Yale maziwa niliyotoka kwenda kununua jana asubuhi niliyapata. Tumeyanywea chai hapa mjini Ludlow, kwa dada yangu.

Nimekaa nikafikiri, na nakubali kwamba hesabu zako zilikuwa sahihi. Miaka tisa nimekuomba tununue gari-nyumba, lile lenye injini yake, na miaka tisa umenijibu mbele za watu, "Mwacheni huyu, hata kujumlisha hajui." Karavani, nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari, haina ushuru wa barabara, haina ukaguzi wa kila mwaka, haina injini ya kufa. Kweli tupu. Unakumbuka ulivyomcheka jirani yetu hapo kambini, Neville, na gari-nyumba lake? Kila akitaka mkate lazima akunje turubai, afunge vyombo, aondoke na nyumba nzima. "Sisi tunafungua ndoano ya kukokotea tu," ukamwambia. "Mke anachukua gari, nyumba inabaki."

Basi nimefungua ndoano, Clifford. Nyumba imebaki.

Usijisumbue kwenda polisi. Gari limeandikishwa kwa jina langu. Wewe mwenyewe ulifanya hivyo ili bima ishuke, kwa sababu ya faini zako za mwendo kasi, na ukajisifu mwezi mzima.

Kiwanja kimelipiwa hadi Jumapili. Ukitafuta wa kukukokota, usimwombe Neville. Ndiye aliyenifungulia lango la kambi.

Rosalind