Baba Mkwe Alisema, Video Haikusikika

Kosa la wengi sauti ya video ikiwa ndogo ni kukimbilia kubadilisha programu. Dada huyu amekwisha kubadilisha moja, na sasa anataka ya tatu.

Mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechanganyikiwa, naomba unisaidie kabla ya Krismasi, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa kazi ya kurusha mubashara shughuli za familia na mimi ndiye ninayeonekana nimeharibu. Shemeji yangu Theodory yuko Kanada, hakuja kumzika mama yao, na tangu siku hiyo baba mkwe hakulitaja jina lake. Mwezi uliopita tulikuwa na misa ya kumbukumbu ya mama hapa nyumbani, nikarusha kwa programu ya OBS, na baba akasimama katikati ya watu akasema, “Theodory arudi nyumbani, sina kinyongo naye.” Sisi tuliokuwepo tulisikia, shangazi akalia, lakini kwenye video mdomo unacheza tu, sauti kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto, na nikiongeza naongeza ng'ombe na upepo kwenye migomba. Tukamweleza Theodory, akajibu, “Mnanifariji tu. Ningemsikia mwenyewe ningekata tiketi.” Akajitoa kwenye kundi la familia.

Basi nikahamia StreamYard, nikafanya jaribio baba akiwa kwenye kiti chake, sauti ikawa ileile, na mjomba Hosea akanicheka, “Mkwe, leo tena sinema ya kimya?” Sasa muuza kompyuta mjini ananiambia ninunue programu ya kulipia, jirani anasema nirushe kwa simu tu, na mume wangu Damian nikimuuliza anasema, “Mama Aika, kompyuta ni zako, mimi niachie ng'ombe.” Maikrofoni ninayo, ile ndogo ya kubana kwenye shati, nzuri tu, huwa naiweka mezani karibu na mlango kwa sababu baba ni mkwe wangu, siwezi kumsogelea kifuani. Naye anazidi kudhoofika, naogopa Krismasi asiweze kusimama. Ninunue programu ipi?

Hilaria, Kibosho

Marahaba, Hilaria, na pole kwa kubebeshwa lawama. Usinunue yoyote. Habari za programu umenieleza kwa kirefu, za maikrofoni ukazipitisha haraka kama mtu anayetaka zisionekane. Ugonjwa uko hapo hapo.

Nikueleze tofauti za programu hizo, maana umezungushwa vya kutosha. OBS ni ya bure, inakaa ndani ya kompyuta yako na inaweza kurekodi hata mtandao ukikatika. Ina vitufe vingi, lakini unavyohitaji wewe ni vichache. StreamYard hufunguka kama tovuti, na aliye Kanada anaingia kwa kiungo mkaonana uso kwa uso, ila hutegemea mtandao, na mtandao wa huko kwenu unaujua. Simu ni rahisi kuliko zote, ikiwa anayesema yuko karibu nayo. Kwa shughuli zenu, baki na OBS. Lakini hakuna hata moja inayoweza kuokota sauti ambayo haikuifikia maikrofoni. Ukiongeza sauti ndani ya programu unakuza kila kilichoingia, na pale mlangoni ng'ombe alisikika kuliko baba.

Fungua mipangilio ya sauti utazame OBS imechagua maikrofoni ipi. Mara nyingi kompyuta huchagua ile iliyo ndani yake, yako ikabaki mezani kama pambo. Iguse kwa ukucha; mstari wa rangi unaoonyesha sauti usiporuka, inayosikiliza siyo hiyo. Kisha ibanwe kifuani, kiganja kimoja chini ya kidevu. Baba akiongea kwa kawaida mstari ufike kwenye njano, usiguse nyekundu. Vaa hedifoni usikilize mwenyewe.

Sasa nikugombeze kidogo. Heshima yako kwa baba mkwe naielewa, nimekulia kwenye mlima huohuo, na sikuambii uivunje. Lakini uliona aibu kumweleza mumeo kwamba huwezi kumsogelea baba, ukaona heri uhangaike na programu hadi mjini. Damian ni mwanawe, anaweza hata kumfunga vifungo vya shati. Na wewe Damian, najua utasomewa haya: mwanaume anayemshika ng'ombe mkaidi asipige mateke akikamuliwa hawezi kushindwa kubana kitu kidogo kama punje ya kahawa kwenye shati la baba yake. Mama Aika atakaa kwenye kompyuta akwambie “juu kidogo,” nawe utasogeza.

Halafu, kwa nini mngoje Krismasi? Kurusha mubashara ni kwa watu wengi wanaotaka kuona pamoja. Theodory ni mmoja. Baba alikwisha kusema mbele ya ukoo. Kilichobaki ni mwanawe kusikia. Mwombeni, akiwa na nguvu, ayarudie maneno yale akiwa ameketi, shangazi na Hosea wakiwepo. Rekodini, sikilizeni, kisha mtumieni. Video ya kwanza usiifute. Akishaisikia hii, ataitazama ile na kuona mdomo ulikuwa unasema nini.

Leo, mpe Damian maikrofoni.