Namba Isiyobadilika

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Goti la mama linaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi inanipeleka mbio.

Nina swali la kifundi, na fundi redio ninayemwamini ni wewe. Kile kifaa changu cha kupima mtetemo wa pampu ya kiwandani, kile kwenye picha uliyoitundika ukutani, kinanisumbua. Pampu ikianza taratibu, kinasoma vizuri. Ikifika kasi kamili, namba inaganda. Nimebadilisha betri, nimeandika programu upya, wapi! Unadhani ni nini?

Pampu yenyewe ilipasuka beringi mwezi uliopita, imeshatengenezwa. Mwendeshaji wake amesimamishwa kazi kwa uzembe.

Bintiyo

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti la mama yako huuma akiombwa chai tu; akisikia umbea kwa jirani, linapona. Picha yako nawaonyesha wateja wote, hata wasiouliza.

Mimi nashuku waya. Risasi uliyoyeyusha kuushikiza imelegea, mashine ikitikisika waya unaachia. Jaribu hivi: pampu ikiwa inazunguka, chomoa waya wa kipimo kwa makusudi. Namba ikifutika, nimekosea. Ikibaki ile ile, basi kifaa chako kikikosa habari mpya kinarudia ya zamani, kinakudanganya mchana kweupe. Kifundishe kusema hakijui.

Lakini mbona kifaa umekiandikia aya nzima, na huyo mtu umempa mstari mmoja?

Babako

18 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimechomoa waya. Namba imebaki ile ile.

Naona aibu hata kuandika. Huyo mwendeshaji tunamwita Sikio, kwa sababu huweka bisibisi kwenye pampu na kusikiliza kwa mpini wake. Siku mbili kabla ya beringi kupasuka alinijia: "Binti, mashine inalia. Tuizime." Nikamwonyesha namba mbele ya wenzake, nikamwambia, "Mzee, kipimo hakina masikio ya uzee." Wakacheka. Naye akacheka kidogo. Ripoti yangu ndiyo iliyomponza: ilisema pampu ilikuwa shwari, kwa hiyo aliyekosea ni yeye.

Nilishuku waya tangu siku pampu ilipoharibika. Nilikuuliza nikitumaini utasema ni kitu kingine. Na Jumatatu wamenipandisha cheo. Tafadhali usimwambie mama.

Bintiyo

25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajui. Anauliza tu picha imekwenda wapi. Nimemwambia kioo kimepasuka.

Babako

2 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Nilianza barua nne nikazichana zote.

Wiki iliyopita nilimwomba mkubwa wa kiwanda aje kwenye pampu, na wenzake Sikio nao waje. Nikachomoa waya mbele yao. Pampu inanguruma, waya unaning'inia mkononi mwangu, na namba bado inasema shwari. Hakuna aliyecheka. Cheo kimekwenda na maji, sasa niko stoo napanga skrubu.

Jioni ile nilikwenda kwa Sikio kumwomba radhi. Mkewe akanifungulia mlango. Akaniambia kumbe mzee aliwaambia majirani yuko zamu ya mchana, na kila siku alikuwa anavaa ovaroli, anaondoka, anakwenda kukaa kituo cha basi mpaka saa ya kurudi. Mzee mwenyewe akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, binti. Ila ungekuja mapema."

Amerudi kazini. Kila asubuhi hupita dirishani kwangu akanisalimu, nami naitikia huku natazama skrubu. Kifaa nimekirekebisha. Waya ukiachia, kinaandika: SIJUI.

Bintiyo

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Picha imerudi ukutani. Mama yako alipoona kioo kizima alinigeukia, ikabidi nimweleze uongo wako na wangu kwa pamoja. Siku mbili hakunisemesha. Leo ameniagiza nikuandikie uje nyumbani ukipata likizo.

Na mimi nina langu. Kesho mzee akikusalimu, acha skrubu. Mtazame usoni, ndipo uitikie.

Babako